Aliyenusurika Kuzama Akawa Bingwa wa Kuogelea

Familia nyingi za askari na polisi wa nchi yetu zinaishi karibu na maji. Wapo waliopangiwa Entebbe na Jinja, wapo walioko visiwani Kalangala, na wapo wanaolinda mpaka kule Ziwa Albert. Watoto wao hulala wakisikia mawimbi. Lakini katika nyumba hizo hizo, neno la kwanza ambalo mtoto hufundishwa juu ya ziwa ni "usiende". Mimi mwenyewe nililelewa kwa neno hilo, na nilipopata cheti cha ualimu nikawalea kwalo watoto wa watu wengine. Ndiyo maana kisa ninachowasimulia leo, ndugu wasomaji, kimenigusa kuliko visa vya wanamichezo wengine wengi niliopata kuvisoma.

Ni kisa cha Bwana Cullen Jones, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mjini New York tarehe 29 Februari, 1984, na kukulia Irvington katika jimbo la New Jersey. Mwaka 2006 aliibuka bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mbio fupi kuliko zote za kuogelea kwa mtindo huru. Baadaye alivaa medali nne za Olimpiki, mbili za dhahabu na mbili za fedha. Lakini mlango alioingilia katika mchezo huo haukuwa mlango wa furaha. Aliingia akiwa amezimia.

Alikuwa na umri wa miaka 5. Wazazi wake walikuwa wamempeleka kwenye bustani kubwa ya michezo iitwayo Dorney Park, karibu na mji wa Allentown, jimboni Pennsylvania. Katika bustani za namna hiyo hujengwa mifereji mirefu yenye maji, na mtu huteremka nayo kwa kasi akiwa amekalia tyubu kama ile ya ndani ya gurudumu la gari, hadi atumbukie katika bwawa lililo chini. Baba yake, Bwana Ronald Jones, alimwagiza jambo moja tu: vyovyote itakavyokuwa, asiiachie tyubu. Mtoto akatii. Alipofika chini tyubu ikapinduka, yeye akawa chini ya maji na tyubu ikawa juu yake. Hakujua kuogelea, na hakuwa na agizo lingine la kufuata isipokuwa lile la baba. Akaendelea kuishikilia, kichwa kikiwa chini, mpaka fahamu zikampotea.

Yafaa tutulie hapo kidogo. Mtoto huyo hakuwa mkaidi, wala hakutoroka nyumbani. Alikuwa na wazazi wake wote wawili, mahali palipokuwa na walinzi, na alikuwa akitii. Kilichomponza ni kwamba utii ndio pekee aliokuwa nao ndani ya maji.

Waliokuwapo walimtoa na kumpulizia pumzi mpaka akazinduka. Jones amesimulia mara nyingi kwamba neno lake la kwanza baada ya kufumbua macho lilikuwa ni kuuliza wanakwenda mchezo gani baada ya huo. Watoto ndivyo walivyo. Hofu ilibaki kwa wakubwa.

Sasa tumtazame mama, Bibi Debra Jones. Mwanamke aliyemwona mwanawe wa pekee amelala hana pumzi ana haki ya kuapa kwamba mtoto huyo hatagusa tena maji zaidi ya yale ya kuogea. Kinamama wengi wangefanya hivyo, na hakuna ambaye angewalaumu. Bibi Debra alifanya kinyume. Muda mfupi baada ya ajali ile alimwandikisha mwanawe katika mafunzo ya kuogelea. Kazi haikuwa rahisi, kwani mtoto hakuzoea maji mara moja, na hakutosha mwalimu mmoja. Ilibidi abadilishiwe walimu hadi akapatikana aliyempatia utulivu. Alipofikisha umri wa miaka 8 alikuwa tayari anashindana na watoto wenzake.

Baba, ambaye alipenda sana mpira wa kikapu, alitumaini kwamba mwanawe aliyekuwa akirefuka siku hadi siku angeufuata mchezo huo. Katika mitaa ya Irvington na Newark ndio uliokuwa mchezo wa vijana weusi. Kuogelea kulihesabiwa kuwa mchezo wa wengine. Kijana alichagua maji. Alisoma katika sekondari ya St. Benedict's mjini Newark, akiogelea kwa bidii. Mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 16, alimpoteza baba yake kwa maradhi ya saratani ya mapafu. Tangu siku hiyo nyumba ilibaki na watu wawili, mama na mwana, na mazoezi hayakukatizwa.

Hapa itatufaa kueleza mchezo wenyewe, maana katika shule zetu wengi hatukuusoma. Kuna mitindo minne ya kuogelea inayoshindaniwa: wa mgongo, wa chura, wa kipepeo na mtindo huru. Mtindo huru umeitwa hivyo kwa sababu sheria haimlazimishi mwogeleaji afuate namna fulani ya kupiga mikono wala miguu. Aweza kwenda apendavyo. Hata hivyo wote huchagua namna moja, ile ya kulala kifudifudi na kutupa mkono mmoja mbele baada ya mwingine huku miguu ikipiga maji bila kupumzika, kwa kuwa haijapatikana yenye kasi kuipita. Mbio za mita 50 ndizo fupi kuliko zote katika Olimpiki. Bingwa huzimaliza kwa sekunde 21 na kitu. Katika muda huo aweza kuvuta pumzi mara moja, na wengine hawavuti kabisa. Hakuna nafasi ya kusahihisha kosa: mguu ukiteleza wakati wa kuruka, au mkono ukifika ukutani ukiwa umejikunja badala ya kunyooka, mbio zimekwisha.

Vyuo vikuu vya Marekani vina desturi yao. Mabwawa yao ya mashindano hupimwa kwa yadi, nayo huwa na urefu wa yadi 25. Kwa hiyo mbio za yadi 50, ambazo ni kama mita 46, humtaka mwogeleaji aende hadi ukuta wa pili, apinduke chini ya maji kama mtu anayeruka kichwangomba, ausukume ukuta kwa miguu, kisha arudi. Kijana mwenye kipaji hupewa msaada wa masomo, naye huruhusiwa kukishindania chuo chake kwa misimu minne. Hujitosa majini alfajiri kabla ya darasa, hurudi tena mchana baada ya darasa, na mitihani humngoja kama inavyowangoja wenzake wasiojua hata kuelea. Askari anayekumbuka miezi yake ya mafunzo ya uandikishwaji ataielewa ratiba hiyo pasipo maelezo zaidi.

Jones alikwenda Chuo Kikuu cha North Carolina State, katika mji wa Raleigh, akasomea Kiingereza. Chuo hicho hakikuwa kati ya vigogo vya kuogelea wakati huo. Kigogo kilikuwa Auburn, ambacho kilitwaa ubingwa wa timu za wanaume mfululizo kuanzia mwaka 2003 hadi 2007. Tena, mbio fupi huhesabiwa kuwa za watu wenye nguvu nyingi za mwili, naye Jones alikuwa mrefu mwembamba, karibu mita 1 na sentimita 96. Urefu huo ni faida majini, kwa kuwa mkono mrefu hufika mbali, lakini ilimchukua miaka kujenga misuli ya kuruka kutoka kwenye kijukwaa na kupasua maji katika mita 15 za kwanza.

Mwaka 2005 alikwenda Izmir, nchini Uturuki, kwenye michezo ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya dunia, akashinda mita 50 za mtindo huru. Mwaka uliofuata, wa mwisho chuoni, ndipo alipotwaa ule ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika yadi 50. Mtu aweza kuuliza: yadi 50 ni kitu gani? Ni umbali ambao mtoto wa shule hukimbia akiitwa chakula. Lakini katika nchi yenye mamia ya timu za vyuo, ambako mabingwa wa Olimpiki hutokea madarasani, mtu wa kwanza kugusa ukuta katika mbio hizo hushinda kwa tofauti isiyoonekana kwa macho.

Mwezi Agosti mwaka huo huo wa 2006 alichaguliwa katika timu ya taifa lake iliyokwenda Victoria, nchini Canada. Pamoja na Michael Phelps, Neil Walker na Jason Lezak aliogelea mbio za kupokezana za mita 100 mara nne, wakaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 12.46. Hapo Jones akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa na sehemu katika rekodi ya dunia ya kuogelea katika bwawa la mita 50.

Michezo haina huruma kwa mtu aliyekwisha kusifiwa. Mwaka 2008, katika mashindano ya kuchagua timu ya Olimpiki yaliyofanyika Omaha, Jones aliogelea nusu fainali ya mita 50 kwa sekunde 21.59, rekodi mpya ya Marekani. Siku iliyofuata, katika fainali, hakuwamo miongoni mwa wawili wa kwanza, na wawili tu ndio huchukuliwa. Mbio alizozipenda kuliko zote zikampita. Kilichombakia ni nafasi katika kikosi cha kupokezana, na hata hiyo haikuwa na uhakika.

Mjini Beijing mchujo wa kupokezana ulifanywa jioni ya tarehe 10 Agosti. Walimu wa timu waliwapumzisha nyota watatu na kuwatuma wengine wanne, kila mmoja akijua kwamba atakayefanya vizuri zaidi ndiye pekee atakayeitwa tena fainali. Wanne hao waliivunja rekodi ya dunia wakiwa katika mchujo tu. Nafasi moja ya kesho yake akapewa Jones.

Fainali ile ya asubuhi ya tarehe 11 Agosti imesimuliwa sana, nami sitairudia yote. Wafaransa walikuwa na timu ya kutisha, na mmoja wao, Alain Bernard, alikuwa ametamba mbele ya waandishi wa habari kwamba watawashinda Wamarekani vibaya. Phelps alianza, Garrett Weber-Gale akapokea na kuipa timu uongozi, kisha akajitosa Jones. Tusifiche ukweli kwa mapenzi: katika zamu ya Jones Ufaransa ilipita mbele, kwa kuwa aliyekuwa pembeni yake, Frédérick Bousquet, aliogelea kwa kasi ya ajabu siku ile. Jones alitumia sekunde 47.65, muda mzuri sana, lakini Lezak alipojitosa kwa zamu ya mwisho alikuwa nyuma ya Bernard kwa zaidi ya nusu sekunde. Katika mita 25 za mwisho Lezak, mtu wa miaka 32, akaanza kumla Bernard kidogo kidogo. Walipogusa ukuta, Marekani dakika 3 na sekunde 8.24, Ufaransa 3 na 8.32. Rekodi ya dunia ilikuwa imekatwa karibu sekunde 4 nzima, ingawa ni haki kutaja kwamba zile nguo za kuogelea za mwaka ule, zilizomsaidia mtu kuteleza majini, zilipigwa marufuku kuanzia mwaka 2010.

Dunia ilimkumbuka Phelps, aliyekuwa akiwinda medali nane, na ikamkumbuka Lezak aliyemwokoa. Jones alikuwa yule wa tatu. Yeyote aliyepata kusukuma lori la kikosi lililokwama katika matope anajua kwamba wapo wanaotajwa katika taarifa na wapo waliosukuma.

Kwetu Afrika Mashariki Beijing ile ilikuwa na jambo lake pia. Jason Dunford wa Nairobi, naye mwanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani, Stanford, aliweka rekodi ya Olimpiki katika mchujo wa mita 100 za kipepeo kwa sekunde 51.14, kisha akawa wa tano katika fainali. Kwa dakika chache Mkenya ndiye aliyekuwa ameogelea kasi kuliko wote katika historia ya Olimpiki kwa mtindo huo.

Sasa nirudi kwa Jones, maana kwa maoni yangu sehemu kubwa ya maisha yake haimo katika medali. Aliporudi na dhahabu yake aliingia katika kampeni ya shirika la kuogelea la Marekani ya kuwafundisha watoto kuogelea, nayo iliitwa Make a Splash. Akazunguka mji baada ya mji, akiingia majini na watoto wa mitaa kama ile aliyokulia, na kukaa na wazazi wao kuwasimulia habari ya tyubu ya Dorney Park. Huenda mtu akadhani ni jambo la sherehe tu. Takwimu zakataa. Uchunguzi uliochapishwa nchini humo mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto weusi wenye umri wa miaka 5 hadi 19 walikuwa wakifa katika mabwawa ya kuogelea kwa kiwango cha mara 5.5 kuliko watoto weupe. Mwaka 2017 uchunguzi mwingine ulikuta kwamba asilimia 64 ya watoto weusi hawajui kuogelea au wanajua kidogo tu. Nao ukaongeza neno linalotuhusu sana sisi wa kurasa hizi za nyumbani: mzazi asipojua kuogelea, uwezekano wa mtoto kujifunza ni asilimia 19 tu.

Kwa nini ikawa hivyo katika nchi tajiri yenye mabwawa kila mtaa? Wapo waliosema ni mwili. Mwaka 1987 mkuu mmoja wa timu ya besiboli alitamka katika televisheni kwamba watu weusi si waogeleaji wazuri kwa sababu miili yao haielei. Akapoteza kazi yake kwa maneno yale na mengine aliyoyasema usiku huo. Sababu ya kweli imeandikwa katika historia. Miji mingi iliwafungia weusi milango ya mabwawa. Mjini St. Louis, mwezi Juni 1949, siku bwawa la Fairground Park lilipofunguliwa kwa watu wote, kundi la weupe liliwashambulia na kuwapiga weusi. Montgomery, Alabama, ilifunga bustani zake zote mwaka 1959 kuliko kukubali amri ya mahakama ya kuwachanganya watu, na bwawa likafukiwa. Mwezi Juni 1964, katika St. Augustine, Florida, mwenye hoteli alimwaga asidi katika bwawa lake ambamo waandamanaji weusi na weupe walikuwa wakiogelea pamoja. Babu aliyefukuzwa hakujifunza, asiyejifunza aliogopa, aliyeogopa alimwambia mwanawe asiende. Hofu ile ilikuwa na sababu nzuri ilipozaliwa, kisha ikaendelea kuua baada ya milango kufunguliwa.

Na sisi je? Hatukufungiwa ziwa na mtu. Lakini nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na ufuko, tulikuwa na njia yetu ya upelelezi ambayo kila msomaji aliyesoma karibu na maji anaikumbuka. Saa nane mchana, watoto wakirudi kutoka chakulani, mwalimu wa zamu humkwaruza mtoto mguuni kwa ukucha. Ukitokea mstari mweupe, huyo ametoka ziwani, naye hulala chini apewe haki yake. Nimekwaruza miguu mingi. Nilidhani nawaokoa. Katika miaka yangu minne pale tulimzika mwanafunzi mmoja aliyezama, mvulana wa darasa la tano, na ninavyokumbuka hakuwa mtoro hata kidogo. Alikuwa ametumwa na watu wazima kuteka maji, dumu likamponyoka, akalifuata. Miguu yake haikuwa imepata kutoa mstari mweupe. Baada ya mazishi viboko viliongezwa. Hakuna aliyependekeza kufundisha kuogelea, wala mimi sikupendekeza.

Hofu ya wazazi wetu si ya bure. Ziwani mna kichocho, hasa katika maji yaliyotulia penye majani na konokono. Penginepo mna mamba. Na upepo wa mchana hugeuza maji kwa ghafula. Mnamo tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gatini katika kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kujua kuogelea hakumhakikishii mtu uzima katika msiba kama ule, maana wengi walinaswa ndani. Lakini mita chache ni umbali ambao mtoto wa miaka 8 aliyefundishwa aweza kuumaliza bila kuhema.

Kwa hiyo nawaomba kinamama na kinababa wa makambi tuyaangalie haya machache. Mtu anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Hunyamaza, kichwa kikienda nyuma, mikono ikibonyeza maji kama anayepanda ngazi. Usijitose kumfuata kama hujui kuokoa, maana mtakufa wawili. Mnyooshee mti, kamba au kanga iliyosokotwa, au umtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko barabara. Dumu la lita 20 humweleza mtu mzima. Akitolewa, asining'inizwe kichwa chini wala asikamuliwe tumbo, kama wazee wetu walivyozoea. Alazwe chali mahali pagumu. Ikiwa hapumui, kichwa kiinamishwe nyuma, pua ibanwe, apuliziwe pumzi tano mdomoni. Kisha kifua kibonyezwe katikati mara 30 kwa nguvu, pumzi mbili, na tena mara 30, bila kuacha, mpaka msaada ufike. Hata akizinduka na kuomba chai, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Cullen Jones alikuwa hai kuuliza swali lake kwa sababu tu palikuwapo watu waliojua kazi hiyo. Na mwenye mtoto mchanga asisahau kwamba beseni la kufulia lililoachwa na maji uani latosha kwa msiba.

Jones hakuishia Beijing. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 28, alirudi Omaha kwenye mbio zile zile zilizomtoa machozi, akashinda mita 50 kwa sekunde 21.59, sehemu moja tu ya mia ya sekunde mbele ya Anthony Ervin. Muda huo ni ule ule wa rekodi yake ya miaka minne iliyopita, ila safari hii hapakuwa na nguo za kuteleza. Katika Olimpiki ya London alikuwa wa pili nyuma ya Mfaransa Florent Manaudou, kwa sekunde 21.54, akapata fedha nyingine katika kupokezana, mara hii Wafaransa wakilipiza kisasi chao, na dhahabu ya pili kwa kuogelea mchujo wa kupokezana mitindo minne. Mwaka 2016 alijaribu tena kuingia katika timu, akakosa.

Nikirudi kwangu, mwezi uliopita nilimchukua binti yangu wa miaka 6 hadi bwawa la hoteli moja, siku ya kazi asubuhi ambapo ada ni nafuu. Koplo mmoja wa polisi wa majini, jirani yetu, alikuwa likizoni, akakubali kumfundisha pamoja na wanawe wawili. Siku ya kwanza alimpa dumu la lita 5 alikumbatie. Mtoto alilishika kwa mikono miwili, kucha zikawa nyeupe, nami nikakaa ukingoni nimevaa viatu, nikitaka kumwambia koplo kwamba yatosha. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu koplo alimwambia, "Sasa mama, liache liende zake." Akaliacha. Likaenda hadi upande wa pili wa bwawa, naye akabaki amelala chali juu ya maji, akitazama dari, akiniuliza kama nami nitavua viatu.